Agosti ya Kalunde

Jumanne asubuhi Ndila alipangusa vumbi la Kyumbi kwenye kibodi kwa fulana kuukuu, akawasha jiko chini ya sufuria ya chai, kisha akachomeka flashi iliyotoka studio ya Levi, Machakos mjini. Ndani ya flashi mlikuwa na nyimbo za Kwaya ya Sauti ya Kilima, ya kanisa moja la Kalama. Levi alikuwa amerekodi sauti. Kazi ya Ndila ilikuwa kupiga picha za video na kuzilinganisha na sauti hizo, mdomo kwa neno. Nje, malori yalipunguza mwendo penye njia panda ya Kyumbi na wauza maembe wakayakimbilia kama kawaida yao.

Ndila alikuwa na furaha ya kuonekana kwa macho. Tangu afungue studio alikuwa mtu wa harusi na matanga, akirekodi wajomba wakihutubu hadi betri inaisha. Sasa kwaya nzima ilikuwa imemchagua yeye, pamoja na sare zake za zambarau na mipango yake ya uzinduzi wa kishindo kanisani. Alikuwa ameshaiota video hiyo, na katika ndoto rangi zilikuwa safi kabisa.

Akabonyeza. Kwaya ikaimba upesi na kwa sauti za juu, kama watoto wa nasari walioshiba soda, na wimbo ukaisha chai haijatokota. Ndila akacheka peke yake. Akaurudia. Kabla haujaisha mara ya pili mlango ukabishwa, na alipofungua akakuta kwaya yote imesimama nje na sare zake. Walikuwa wameambiwa waje saa nne. Saa tatu ilikuwa bado.

"Tulitoka tu kwa nyumba tukajipata tumefika," akasema Katunge, mwenyekiti wa kwaya, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, ingawa asubuhi hiyo sauti ilikuwa imepanda kidogo. "Hata magoti hayaumi. Haya, mwanangu, tuanze, siku isituache."

Ndila akawapa chai waliokubali kungoja, ambao walikuwa wachache, kisha wakaenda kwenye bustani ya hoteli moja ya karibu, kwa sababu haijawahi kuonekana kwaya ya Ukambani ikipiga video pasipo maua. Akaweka spika chini ya mti, akafungulia wimbo ule ule wa mbio, nao wakaimba kwa midomo wakiufuata. Wengine wangeona shida kuufuata. Wao waliufuata kama waliozaliwa nao.

Mbele kabisa alisimama Kalunde, binti wa Mzee Muthoka, ambaye ndiye anayeanzisha nyimbo zote. Hata ikikimbizwa namna ile, sauti ya Kalunde ilikuwa ya kumfanya mtu aache kutafuna asikilize. Wahudumu wa hoteli walitoka jikoni na miko mikononi.

Aliyepata taabu ni mmoja tu, Mwalimu Bartholomew, kiongozi wa kwaya, kijana mtanashati mwenye pikipiki na viatu vya kung'aa. Bartholomew huongoza kwa mikono na haimbi hata neno, kwa kuwa mwalimu akiimba, husema yeye, hasikii makosa ya wengine. Kwa hiyo sauti yake haikuwa ndani ya flashi. Kila wimbo uliisha mikono yake ikiwa bado hewani, na kwaya ikamngoja kwa heshima mpaka aishushe.

"Mwalimu, leo umechoka?" akamuuliza Katunge.

"Mimi niko sawa. Nyinyi ndio muko na haraka."

Walikuwa nayo kweli, na waliipenda. Wiki zilizofuata Kalama ilichangamka kuliko vipindi vya kampeni. Ndengu za wanakwaya zilikomaa wakati za majirani zingali maua. Kuku wao walitaga wakasahau kupumzika. Wanawake wa sauti ya kwanza walisuka viondo vikaisha kabla ya mazungumzo, wakavipeleka soko la Muthetheni na kupata nafasi nzuri kabla wenyeji hawajaamka. Mzee mmoja wa besi, aliyekuwa akinyolewa kila Jumamosi, sasa alinyolewa Jumatano pia. Watu waliuliza kuna nini, wakaambiwa kwaya imepanda, wakasema hongera. Wazazi kadhaa walileta watoto wao wajiunge, lakini Katunge akasema nafasi zimejaa na kurekodi kumeshapita.

Ndila naye aliona wazi kwamba nyimbo zinakimbia, lakini alidhani ni ufundi wa Levi wa kuzifanya zichezeke. Katunge hakumpa nafasi ya kuuliza. Alitaka mwangwi uongezwe, tena uongezwe, kwa hiyo nyimbo zikawa zinasafiri. Kyumbi kwenda mjini, Levi anaongeza mwangwi; mjini kurudi Kyumbi, Ndila anazifungua. Kila ziliporudi zilikuwa zimezidi mbio kidogo, na kila zilipozidi, Kalama iliwahi kuamka.

Kalunde alikuja studio peke yake mapema mwezi Juni. Aliingia na kuketi kwa mkupuo mmoja, akiwa amejifunga leso mbili, na chini ya leso tumbo lilikuwa la mtu wa kuhesabu wiki.

"Dada Ndila, hii maneno yangu iko kwa mashine yako."

"Maneno gani?"

"Nikirekodi pale kwa Levi, kabla ya Pasaka, nilikuwa nimeshika mimba hata mwezi haijafika. Nilikuwa najua mimi na Bartholomew tu. Akaniambia nisijali, Agosti ataleta mbuzi wa ntheo kwa baba, na Agosti hakuna mtu angekuwa ameona kitu." Akavuta pumzi. "Sasa ona. Mimi Agosti yangu imefika na kupita. Nikimwambia, ananionyesha kalenda kwa simu. Ananiambia ni Juni. Na ni ukweli, kwake ni Juni."

Ndila ni Mkamba wa Kalama hiyo hiyo, hakuhitaji kuelezwa. Mke ambaye mbuzi wa ntheo hawajachinjwa kwao si mke, hata azae watoto wa kujaza darasa. Na kanisani mambo yalikuwa mazito zaidi: msichana akionekana na tumbo bila mume huwekwa chini ya nidhamu, haimbi, anakaa viti vya nyuma mpaka wazee waridhike. Kalunde alikuwa na leso mbili na labda Jumapili mbili.

"Wazee wamejua?"

"Bado. Lakini Katunge ananiangalia sana."

Ndila akachukua simu akampigia Levi palepale.

"Levi, niaje. Hizo nyimbo za Kalama ulirekodi kwa ngapi?"

"Poa. Arobaini na nne nukta moja, kama siku zote. Kwani wewe uko ngapi?"

"Arobaini na nane! Mambo ya video yote ni arobaini na nane!"

"Aiya," akasema Levi. "Na mashine yako haikuuliza?"

"Haikuuliza!"

Ndila alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Jamani, furaha ya kulijua kosa haina mfano, hata kosa likiwa lako. Akamgeukia Kalunde na kumweleza huku akitembea huku na huku katika chumba kisicho na nafasi ya kutembea. Mashine hukata kila sekunde ya sauti vipande vipande. Levi hukata elfu arobaini na nne na mia moja. Mashine ya Ndila hutaka elfu arobaini na nane. Ni kama ndengu zilizopimwa Muthetheni kwa mkebe mdogo wa kasuku, kisha mnunuzi wa Kyumbi akazipima upya kwa mkebe mkubwa. Ndengu ni zile zile, ila zinaisha mapema.

"Na sisi tuliimba hizo ndengu," akasema Kalunde.

"Mko ndani yake, wote. Bartholomew tu ndiye hayuko."

"Na inatengenezeka?"

"Leo leo! Nachukua flashi ile ya kwanza, naiambia mashine ihesabu upya vizuri, kipande kwa kipande. Sauti itarudi mahali pake, na nyinyi mtarudi. Lakini hizi wiki zilizopita siwezi kukurudishia. Tumbo litabaki pale lilipo."

Kalunde akaliangalia tumbo lake. Kisha akasema kwamba haidhuru. Tatizo lake halikuwa tumbo, lilikuwa kumngoja mtu ambaye siku zake hazifiki. Wakiwa ndani ya siku moja, yeye na Bartholomew, basi Agosti ya mmoja itakuwa Agosti ya mwingine, na mtu wa neno hutimiza neno lake. Alisema hivyo akiwa na imani yote, na Ndila, ambaye alikuwa na furaha nyingi siku ile, akaamini pia.

"Tengeneza," akasema Kalunde.

Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kupika ugali. Mashine ilihesabu, ufito wa kijani ukatambaa kwenye skrini hadi mwisho, na Ndila akabonyeza. Sauti ya Kalunde ikatoka nzito na pana, ya mwanamke aliyekamilika, na studio ikajaa hadi kwenye dari. Kalunde mwenyewe alishusha mabega na kupumua polepole, pumzi ya kwanza ndefu tangu Pasaka. Wakashikana mikono wakacheka kama wasichana wa bweni. Wakati huo huo kule Kalama Katunge, aliyekuwa akipalilia, alisikia magoti yake yakimrudia, akaketi juu ya tuta.

Kwaya ilikuja kulalamika. Waliambiwa saa tatu wakafika saa sita, wakitoka jasho, wakisema Kyumbi imesogezwa. Mzee wa besi alikuwa na ndevu. Walitaka nyimbo zirudishwe zilivyokuwa, maana walikuwa wameshapanga kuvuna mara mbili kabla ya Krismasi. Ndila hakubishana nao. Akawafungulia nyimbo zilizotengenezwa. Wakajisikia wenyewe kwa mara ya kwanza, sauti zao za kweli, zikiwa zimekaa kila moja mahali pake. Wengine walilia. Mzee wa besi alisema hakujua kwamba yuko hivyo.

"Haya, tumekubali," akasema Katunge, akijifuta macho. "Lakini sasa zile picha za bustani si zitaharibika? Tulikuwa tunaimba na mbio."

Ndila alikuwa akilisubiri swali hilo kwa hamu. Alikuwa amezipunguza mwendo picha nazo, kwa kipimo kile kile. Akaonyesha. Midomo ilikaa juu ya maneno sawasawa, maua yakayumba taratibu, sare zikapepea kwa mwendo wa maarusi, na mbele ya wote alisimama Kalunde, kinywa chake na sauti yake vikiwa kitu kimoja. Ilikuwa video nzuri kuliko ile ya ndotoni. Studio nzima ikapiga makofi.

"Nzuri sana," akasema Katunge. "Lakini hatuwezi kuitumia. Tutapiga ingine."

Makofi yakapungua, yakaisha.

"Mama, kwa nini? Iko sawa."

"Kalunde amewekwa chini ya nidhamu. Wazee walikaa Jumapili. Mtu wa nidhamu hawezi kusimama mbele ya madhabahu, hata kwa televisheni. Pale atasimama Mukai, huyu hapa. Anajua maneno yote."

Mukai, msichana wa sauti ya pili, aliangalia viatu vyake.

"Na sauti je? Sauti ni ya Kalunde."

"Sauti iache," akasema Katunge kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Sauti haikufanya kosa."

Ndila akasikia hasira ikimpanda kutoka miguuni. Akauliza kuhusu Mwalimu Bartholomew, ambaye alikuwa nje akipangusa pikipiki.

"Mwalimu amefanya nini?" akauliza Katunge.

"Si Kalunde alimtaja mbele ya wazee?"

"Alimtaja, ndiyo. Lakini mbuzi hawajaenda kwa Mzee Muthoka, sasa sisi tutajuaje ni yeye?" Katunge akasimama, akajikunguta sare. "Na ujue kwaya haina mwalimu mwingine."

Ndila alisema hatapiga. Akalisema mara ya pili. Mara ya tatu Katunge akamjibu kwamba Machakos haina kamera moja, na kwamba kuna kamera nyingine ambazo hata midomo hazitalinganisha. Hilo ndilo lililomshinda Ndila: kufikiria sauti ile ikivishwa mdomo na mtu asiyejali. Akapiga. Afadhali asingejua kazi. Mukai aliimba kwa midomo vizuri, bila kukosea, na walipomaliza akaenda nyuma ya maua akakaa huko muda. Mikono ya Bartholomew sasa ilishuka pamoja na wimbo, naye akafurahi sana, akasema mara hii kwaya imeiva.

Mtoto wa Kalunde alizaliwa Julai, mkubwa, mwenye nywele. Kwa vile hakuna mbuzi aliyekuwa amevuka kutoka kwa kina baba yake, akawa wa nyumba ya mamake na akapewa jina la babu yake, Muthoka. Ilibainika mapema kwamba mtoto huyo hakurudi pamoja na wengine. Alikuwa tumboni siku ile ya kurekodi, na wenzake walipohesabiwa upya yeye hakuhesabiwa. Kalunde alimleta studio, na Ndila akaitafuta treki yake, mstari wake wa sauti kwenye mashine, kwa bidii. Hakuwa na treki. Chini kabisa ya sauti ya mamake kulikuwa na kitu kikidunda, kidogo, haraka haraka, ambacho usingekisikia kama hujaambiwa. Ndila alijaribu kukitenganisha na sauti, ikawa kila anapokigusa, sauti ya Kalunde inakatika. Akakiacha.

"Si shida," akasema Kalunde. "Anakula vizuri."

Wiki ya pili mtoto alikaa. Ya tatu alisimama akishika kiti cha babu. Jirani mmoja akaleta viatu vilivyombana mwanawe, na mkewe akasema watoto wa kwaya wako hivyo, hata ndengu zao zilikuwa hivyo.

Agosti ikaingia, moja, ya watu wote. Kalunde alifagia uwanja kila Jumamosi. Babake, mzee mkimya, aliezua kibanda cha mbuzi akakiezeka upya, akaweka na maji. Pikipiki ya Bartholomew ilipita barabarani mara nyingi, nayo ilipiga honi ya salamu kila ilipopita. Jumamosi moja Kalunde alisimama katikati ya barabara, pikipiki ikalazimika kusimama.

"Bartholomew. Ni Agosti."

"Naona," akasema Bartholomew, bila ubaya wowote. "Mimi ni mtu wa neno, Kalunde. Nilisema Agosti. Lakini mwaka sikutaja."

Akawasha pikipiki, akazunguka pembeni yake kwa uangalifu asije akamrushia vumbi mtoto.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Kwaya za wageni zilikuja na sare za kila rangi, na Levi alipanda kutoka mjini akaleta spika zake kubwa, akamkumbatia Ndila kwa kelele mbele ya watu. Ndila alisimama kando ya projekta. Picha ikawaka ukutani. Mukai akafungua kinywa, na sauti ya Kalunde ikatoka, nzito, pana, bila kupishana na midomo hata unywele mmoja. Watu walisimama. Vigelegele vilitoka mbele hadi nyuma, mama mmoja akavua kitambaa cha kichwa akakipunga, na Ndila alifurahi kwa kazi yake na kuona aibu kwa kazi yake, vyote pamoja, akashindwa kujua machozi ni ya kipi.

Kalunde alikuwa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Aliisikiliza sauti yake mpaka mwisho, kisha akapiga makofi kama wengine.

Wimbo ulipokwisha, wakati kwaya ikijipanga mbele kuimba wa pili kwa sauti za moja kwa moja, mtoto Muthoka alishuka mapajani mwa mamake. Alikuwa na umri usiofika mwezi na nusu. Akaja katikati ya safu, viatu vikigonga sakafu, na watu wakasogeza miguu kumpa njia. Akafika mbele, akamshika Bartholomew suruali, akamtazama juu.

"Baba," akasema, wazi kabisa, na maikrofoni ya kwaya ikalichukua neno hilo likafika hadi kwa waliokaa madirishani. "Baba, twende nyumbani."

Kanisa zima lilimsikia. Wazee wa kanisa, waliokuwa mstari wa kwanza, walimsikia zaidi. Katunge akainama kwenye maikrofoni akasema, kwa tabasamu, kwamba watoto wa siku hizi wana akili sana, Bwana asifiwe, na kanisa likaitikia kwamba asifiwe. Bartholomew akavifungua vile vidole vidogo kimoja kimoja, bila kuviumiza, akainua mikono yake miwili, akangoja.

Kalunde akainuka kwenda kumchukua mwanawe, maana watu walikuwa wanasubiri wimbo wa pili.